Katriji ya gramafoni: uharibifu na ukarabati

Katriji ya gramafoni ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa gramafoni, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Sindano yenyewe ni chembe ya almasi iliyobandikwa kwenye kijiti chembamba, mara nyingi cha alumini, kilichoshikiliwa kwa nyuma na mpira mdogo.

Uwezekano wa kuikarabati hutegemea kwanza aina yake. Katika katriji ya sumaku inayocheza, sumaku imo kwenye kijiti na koili zimetulia ndani ya kasha. Sindano na kijiti chake huchomoka, na mwenye chombo huchomeka vingine mwenyewe. Katika katriji ya koili inayocheza, koili ndizo zilizo kwenye kijiti, kwa hiyo sindano haichomoki. Ndivyo ilivyo Denon DL-103, iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Sindano yake ikikatika, hununuliwa katriji nyingine, au ile iliyoharibika hupelekwa kwa fundi mwenye darubini anayeweza kubandika almasi au kijiti kipya.

Spika moja kunyamaza si ushahidi kwamba katriji imekufa. Nyuma yake kuna pini nne: nyeupe na bluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Waya za mkono huvikwa kwenye pini hizo kwa vibano vidogo ambavyo hulegea na kushika kutu. Vikishasafishwa na kubanwa, waya za kushoto na za kulia hubadilishwa nafasi. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa limo ndani ya katriji. Ukibaki palepale, litafutwe kwenye waya au amplifaya. Kwenye katriji ya sumaku inayocheza, multimita huonyesha kwa kawaida omu mia kadhaa au zaidi kwa kila koili. Isiposoma chochote, koili imekatika, na kwa kuwa uzi wake ni mwembamba kuliko unywele, ni mara chache mno unaungika. Wengi huukata wenyewe kwa kulehemu waya moja kwa moja kwenye pini, joto likapenya hadi ndani. Kibano hulehemiwa kikiwa kimevuliwa.

Kijiti kilichopinda huwatia watu tamaa ya kukinyoosha. Kijiti cha alumini kwa kawaida ni kibomba chenye uwazi ndani. Kikishajikunja hubaki na kovu, na hapo ndipo hukatikia kinaporudishwa. Hata kikinusurika, sindano haisimami tena wima mferejini, na santuri nzuri ndiyo inayolipia. Mpira uliokakamaa kwa uzee nao hauna dawa ya nyumbani. Mafuta huuharibu zaidi.

Kuna pia sindano zinazohukumiwa bure. Sauti ya kukwaruza huweza kutokana na donge la vumbi tu, linaloondolewa kwa brashi laini inayovutwa kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa ubavu. Nyingine ni nzima ila si mahali pake. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zikiwemo za mwimbaji Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, zina mifereji mipana inayotaka ncha ya nusu kipenyo cha mikromita 75 hivi. Ncha ya santuri za stirio, ya mikromita 18 hivi, huzama hadi chini ya mfereji na kuchokonoa taka.

Baada ya ukarabati wowote uzito wa sindano hupimwa upya kwa mizani ndogo. DL-103 hutaka gramu 2.5. Wanaopunguza uzito kwa kuihurumia santuri huiumiza, kwa sababu sindano iliyo nyepesi mno hurukaruka na kugonga kuta za mfereji.

Kampuni ya Shure ya Marekani iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, lakini nyingi kati ya zile za zamani bado zinapata sindano mpya, hasa kutoka kampuni ya JICO ya Japani.