Chumvi ya Katwe na faili zetu za mtandaoni

Kabla ya hii mipaka ya leo, chumvi ya Ziwa Katwe, hapa Kabatoro, ilikuwa inasafiri mpaka Bunyoro na upande wa Kongo. Aliyeshika ziwa alishika pia ushuru. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika na askari wake, akawafukuza watu wa Mukama Kabalega, akajenga ngome, Fort George, hapo hapo. Chumvi haikuisha ziwani. Kilichobadilika ni nani anasema fulani apite, fulani abaki.

Nayakumbusha hayo kwa sababu siku hizi vyeti vyetu, picha za familia na masomo tunaviweka kwenye klaudi. Watu wanaita wingu, lakini si kitu cha mbinguni: ni kompyuta za kampuni, nyingi za Marekani, na kampuni inafuata sheria ya kwao.

Waulizeni ndugu zetu Wasudani. Novemba 1997 Rais Clinton aliiwekea nchi yao vikwazo vya biashara. Vililenga serikali ya Khartoum, ila mwanafunzi naye akaumia. Mwaka 2010 Marekani iliruhusu huduma za bure za mawasiliano, kama barua pepe. Hata hivyo, Januari 2014 Coursera ilifunga masomo yake kwa waliokuwa Sudan, Iran na Kuba. Februari 2015 ruhusa ikapanuliwa, na Oktoba 2017 vikwazo vile vya biashara vikaondolewa. Hiyo ni miaka 20, mtoto anazaliwa mpaka anakuwa mtu mzima.

Halafu Julai 2019 ikawa zamu ya wengine: GitHub, mahali waandishi wa programu wanahifadhi kazi yao, iliwabana watumiaji wa Iran, Syria na Crimea.

Kompyuta haiulizi umefanya kosa gani. Inasoma anwani ya intaneti, inaona nchi, inafunga.

Uganda haiko chini ya vikwazo kama hivyo. Lakini mkimbizi hajui kesho atalala nchi gani. Kwa hiyo, wenzangu, cheti kiwe pia kwenye flashi, na nakala ya karatasi ibaki kwa mtu unayemwamini. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, kabla hamjaweka masomo yetu yote mahali pamoja, ulizeni kwanza: je, aliyerudi kwao ataweza kufungua?