Maktaba Iliyo Chini ya Jembe

Ukiteremka kutoka msitu wa Irangi hadi Machang'a, Mbeere, unapita mashamba ya chai, kahawa na mahindi, kisha mtama na pojo. Udongo nao hubadilika. Juu, Embu, ni mwekundu na mzito, wenye mfinyanzi wa takriban asilimia 60; Machang'a ni wa kichanga, mfinyanzi ukiwa asilimia 13 hivi. Kwa mchunguzi wa vijidudu vya udongo, mteremko huu mmoja ni nchi kadhaa.

Nyenzo za kuvichunguza zilianzia mbali na hapa. Mwaka 1977 kituo cha rasilimali za vijidudu, MIRCEN, kilianzishwa Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, chini ya mpango wa UNESCO. Humo zilitunzwa rizobia, bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde, wanaoigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Mkulima alizipata kwa jina la Biofix, chanjo ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Hazina kubwa hiyo, ila bakteria aliyefugwa kwenye chupa hasimulii anavyoishi na majirani zake shambani.

Mpango wa TSBF wa baiolojia ya udongo wa tropiki, ulioanza mwaka 1984, uliliziba pengo hilo. Mwongozo wake, uliohaririwa na Anderson na Ingram mwaka 1989, uliwapa watafiti wa nchi mbalimbali njia moja ya kupima, ili matokeo yao yaweze kulinganishwa. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa bayoanuwai ya chini ya ardhi ukachunguza nchi saba, na Kenya ikatoa maeneo mawili: Taita na Embu.

Mwaka huohuo wa 2002 yakaanza majaribio ninayoyathamini kuliko yote, Embu na Machang'a. Vishamba hulishwa kila mwaka kwa kiasi kilekile: samadi, majani ya vichaka vya tithonia au kaliandra, mabua ya mahindi, unga wa mbao. Vingine havipewi kitu. Kiwango cha juu ni tani 4 za kaboni kwa hekta. Nusu ya kila kishamba hutiwa mbolea ya naitrojeni, nusu huachwa. Kwa kuwa chakula kinajulikana, mtafiti anaweza kuuliza ni vijidudu gani vilivyonawiri kwa samadi, na vipi vilivyostahimili unga wa mbao usio na rutuba.

Tokeo moja la majaribio ni chungu: vishamba vingi, hata vilivyolishwa, vimezidi kupoteza kaboni ya udongo.

Vijidudu vingi vya udongo havikubali kufugwa maabara. Hutambuliwa kwa DNA, na mbinu hizo zimeimarika sana tangu 2002. Ndiyo sababu thamani ya vishamba hivi inapanda kila msimu. Chupa ikipotea, bakteria anaweza kutafutwa tena. Kishamba kikilimwa na kuchanganywa na jirani yake, miaka zaidi ya 20 haipandwi upya.