Asili ya Majina ya Fedha Zetu

Msomaji, toa sarafu mfukoni uitazame. Utaona jina la nchi, thamani na mwaka ilipopigwa chapa. Lakini iko habari nyingine isiyoandikwa juu ya madini, nayo imo katika majina tunayoyatumia kila siku.

Neno fedha asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini meupe. Hata leo sonara akitaja pete ya fedha, hasemi bei yake bali madini yake. Neno pesa latoka Bara Hindi, ambako pesa 64 zilikuwa rupia moja. Wafanyaji biashara ndio waliolileta pwani. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake za shaba katika mwaka wa 1299 wa Hijra, na mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa ikatoa zake.

Wadachi nao, mwaka 1904, waliigawanya rupia ya Tanganyika kuwa hela 100. Jina hilo limetokana na Hall, mji wa Udachi ambako sarafu hizo zilifuliwa kwanza. Utawala wao ulikwisha kwa vita vya 1914 hadi 1918, na hela zao zikaondolewa sokoni; lakini katika Tanzania watu wangali wakiulizana, “Una hela?”

Labda utauliza, kwa nini nusu shilingi iliitwa thumuni, na thumuni ni sehemu ya nane? Jibu ni kwamba ilikuwa sehemu ya nane ya riale, fedha kubwa ya zamani. Shilingi ilipoingia mwaka 1921, senti 50 zikarithi jina lile. Riale imekwenda zake, hesabu yake ikabaki kinywani.

Lakini usidhani kwamba fedha ziliingia kwa biashara tu. Katika Kenya serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, ikataka ilipwe kwa fedha. Mtu aliyekuwa na mtama ghalani na mbuzi zizini alijiona maskini ghafula, kwa kuwa hakuwa na rupia. Wengi ikawalazimu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ili waipate. Kwa watu hao, kipande kidogo cha madini kilikuwa amri.

Kenya ilianza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966. Zile za 2018 zina picha za wanyama, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu. Na mwaka 2007, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanzishwa nchini, iliitwa M-Pesa: jina la kipande cha shaba limepewa fedha isiyoshikika.

Basi waulize wazee wako thumuni ilinunua nini, na ndururu, yaani senti tano, ilinunua nini. Majibu yao ni historia, na hayakuandikwa juu ya sarafu yo yote.