Kurekodi Skrini Si Mambo ya Gemu: Somo Kutoka Korti ya Nyeri

Wasee, kama una laptopu ya Windows 10 ama 11, fungua programu yoyote halafu finya Windows, Alt na R kwa pamoja. Umeanza kurekodi skrini. Hujalipa kitu, hujapakua kitu. Wengi wetu tunadhani hiyo ni ya kuonyesha vile umefunga bao la FIFA. Mimi nasema hiyo batani ni ya historia, na watu wa Nyeri ndio wangefaa kuielewa kwanza.

Twende nyuma karibu miaka sabini. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kushikwa huku Tetu. Mwezi uliofuata akasimamishwa kortini hapa Nyeri mjini, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Shtaka halikuwa kuongoza vita vya msituni. Lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Akahukumiwa kifo, rufaa zikatupwa, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti.

Sasa swali: kila kitu kilichosemwa kwa hiyo korti kiliandikwa, lakini nani alibaki na karatasi? Si familia yake. Si watu wa Nyeri. Kwa miongo mingi rekodi ya kesi haikuonekana, na watu wakadhani imepotea, imefichwa ama imechomwa. Ilikuja kuchapishwa kama kitabu mwaka wa 2017, ikihaririwa na mwanahistoria Julie MacArthur. Miaka 60 baada ya kunyongwa! Kizazi kizima kilizaliwa na kuzeeka kikibishana kuhusu kesi ambayo hakijawahi kusoma.

Na uchungu ni kwamba Kimathi mwenyewe aliamini rekodi. Alikuwa amewahi kuwa mwalimu na karani, na huko Nyandarua wapiganaji walikuwa na makatibu wa kuandika mambo yao. Waliokuwa wakiandika walijua kuna siku wataulizwa ushahidi. Lakini adui alikuwa na nguvu ya kubeba karatasi zote, zao na zetu.

Si hizo pekee. Wakati uhuru unakaribia, Waingereza walichoma faili nyingi na zingine wakazisafirisha kwao. Mwaka wa 2011, wazee wetu wa Mau Mau walipokuwa kortini London, serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ina faili karibu 1,500 za Kenya, zimewekwa mahali panaitwa Hanslope Park. Karatasi zilipotoka, hadithi ilibadilika. Mwezi wa Juni 2013 Uingereza ikatangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa fidia na gharama za kesi ya wazee 5,228. Wazee walikuwa wamesema ukweli wao miaka yote, lakini maneno ya mdomo peke yake hayakuwa yametosha.

Hapo ndipo skrini inaingia. Siku hizi korti, ofisi, mkutano na deni, zote ziko kwa skrini. Na kitu cha skrini kinafutwa haraka kuliko karatasi inavyochomwa.

Zamani hata kurekodi skrini kulikuwa kwa wenye pesa. Camtasia ilitoka 2002, na ilikuwa ya kununua. Mwaka wa 2009 mambo yakaanza kubadilika. Apple iliweka kurekodi skrini ndani ya QuickTime Player kwa kompyuta zake, na Windows 7 ikaja na kifaa cha kupiga picha ya skrini kila ukibonyeza kitu, ili fundi aone shida iko wapi. Mwaka huo huo kebo ya SEACOM ilifika Mombasa, na polepole intaneti ikaanza kushuka bei hata kwa saiba za Karatina na Nanyuki.

Windows 10 ilipotoka Julai 2015, kurekodi kulikuja ndani ya mashine, ingawa kulitengenezewa wacheza gemu. iPhone ikapata 2017. Mac ikapata njia ya mkato ya Shift, Command na 5 mwaka wa 2018. Android 11 ikafuata 2020, mwaka ule shule zilifungwa juu ya Korona, na ukikosa bando siku ya somo, rekodi ya mwenzako ndiyo ilikuwa darasa lako.

Na msidhani hii ni ya wanafunzi tu. Mnakumbuka 2017? Nchi nzima iliimba "fungua seva". Korti ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi ifungue, tume haikutii vilivyofaa, na hiyo ikawa moja ya sababu uchaguzi wa urais ulifutwa tarehe 1 Septemba. Mwaka wa 2022 tume iliweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwa tovuti, na mtu yeyote na laptopu yake angeweza kupakua na kujumlisha mwenyewe. Bado watu walibishana, lakini safari hii kila mtu alikuwa na nakala.

Mimi niliacha kampasi na nikaanza kuhariri video za watu mtandaoni. Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo alisema sikufanya kazi, akataka pesa zirudishwe. Nilikuwa nimerekodi skrini nikikabidhi kazi na yeye akiikubali. Nilituma hiyo video, mabishano yakaisha siku hiyo hiyo. Hakuna mjomba mkubwa aliyenipigia simu ya kunitetea. Ilikuwa faili tu.

Kwa hivyo jua kifaa chako. Windows, Alt na R hurekodi programu uliyofungua, haitarekodi desktopu yenyewe. Ukitaka sauti yako, finya Windows, Alt na M. Video inakaa kwa folda ya Videos, ndani ya Captures. Kwa Windows 11, Snipping Tool inakuruhusu kuchagua sehemu ya skrini unayotaka. Na usikate ile faili ya kwanza. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kueleza rekodi ya kielektroniki ilitengenezwa vipi na kwa mashine gani. Hariri nakala, weka ya asili.

Lakini pia tusiwe wabaya. Kurekodi simu ya video ya dem wako na kuisambaza si kuhifadhi historia, ni kuumiza mtu, na sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta inaweza kukufuata hadi Kamakwa.

Wazee wetu walingoja zaidi ya nusu karne ndio karatasi ziwaunge mkono. Sisi tuna hiyo nguvu kwa vidole vitatu. Kwa hivyo mkutano wa chama ukifanyika kwa simu, ama mwajiri akikuahidi kitu kwa skrini, omba ruhusa, finya, weka. Siku moja mtu atasema hayo mambo hayakuwahi kufanyika.