Mtazamo kutoka juu: Uluguru katika riwaya na uchoraji

Mtazamo kutoka juu ni namna ya kuonyesha mandhari kana kwamba mtazamaji yuko angani au kileleni, akiiona nchi yote kwa pamoja. Katika riwaya ya karne ya 19 mtazamo huu ulipitishwa juu ya vilima vya Uluguru, mkoani Morogoro. Karne iliyofuata, wachoraji wa Afrika Mashariki waliupa kazi nyingine.

Katika riwaya

Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipita Duthumi, kusini mwa Uluguru, wakiugua homa. Walichokiona ni kile akionacho mtembea kwa miguu: tope jeusi na nyasi zinazomzidi mtu kimo. Mfaransa Jules Verne, ambaye hakuwahi kufika huku, alitumia habari za msafara huo kutunga *Majuma Matano ndani ya Puto* (1863). Wasafiri wake watatu wanapaa kutoka Zanzibar kwa puto la haidrojeni. Huko Kaole wenyeji wanawarushia mishale isiyowafikia, na siku hiyohiyo wanafika Duthumi. Kennedy, mmoja wao, anapopata homa, mwenzake Daktari Fergusson anamtibu kwa kulipandisha puto juu ya mawingu, kwani wengi enzi hizo waliamini homa huletwa na hewa chafu ya mabwawa.

Katika uchoraji

Mpiga picha Nadar, rafiki wa Verne, alipiga picha akiwa kwenye puto mwaka 1858. Maonyesho ya kwanza ya wachoraji wa Impresheni, walionasa taswira ya papo hapo, yalifanyika mwaka 1874 katika studio yake ya zamani, Paris. Claude Monet, mmoja wao, alionyesha hapo barabara iliyotazamwa kutoka ghorofani, wapita njia wakiwa alama chache za brashi.

Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame aliyefundishwa na Margaret Trowell huko Makerere, naye alipenda kuinua jicho. Mchoro wake wa 1956, unaohifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, unaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Watu ni wadogo, lakini wana mizigo na wanajua waendako.

Umuhimu

Kwa Verne, kupanda juu ni kuikwepa nchi na homa zake. Kwa Ntiro, ni kupata nafasi ya kuwaonyesha wote walioshiriki shughuli. Hivyo, anayesoma maelezo ya zamani kuhusu Uluguru hana budi kuuliza mtazamaji alisimama wapi, na nani alifanywa mdogo.