Tarehe ya Liemba, Manowari ya Kigoma

Hapa Buzebazeba wapo wanaoshikilia kuwa Liemba ilizamishwa na ndege za Wabelgiji. Si kweli, na haya yanaandikwa ili ubishi huo ukome.

Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye kiwanda cha Meyer. Ikafumuliwa, ikatiwa katika makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa Reli ya Kati. Mafundi watatu wa Papenburg walisimamia kuiunga upya. Majina yao yanajulikana. Watu wetu walioubeba ule mzigo wa chuma hawakuandikwa. Iliteremshwa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915, urefu wake mita 71, ikaitwa Graf von Goetzen, kwa jina la gavana wa zama za Maji Maji. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyofia Rufiji. Wajerumani walikuwa pia na meli ndogo mbili ziwani: Kingani, ikatekwa, na Hedwig, ikazamishwa.

Juni 1916 ndege za Wabelgiji, za aina ya kutua majini, zilivuka kutoka upande wa Kongo zikaidondoshea mabomu, na marubani wakarudi wakitamba kuwa wameipiga. Ajabu ni kwamba mzinga waliouhofia ulikuwa umekwisha kung'olewa, ukapelekwa bara kwa jeshi la nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga! Meli yenyewe iliendelea kuelea. Julai 26, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha kwa mikono yao kusini mwa bandari, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Wazee wetu walisema walikusudia kurudi kuichukua, nasi twawasadiki: anayetupa chombo hakipaki grisi. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia mjini.

Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiibua 1924, na Mei 16, 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi tangu hapo ilibeba watu, dagaa na mahindi hadi Mpulungu, mitumbwi ikiilaki kila mahali pasipo gati. Mvuke uliondolewa miaka ya 1970, ikatiwa dizeli.

Mwaka 1997 iliwarudisha wakimbizi Kongo. Mei 2015 iliwachukua Warundi kutoka Kagunga, wakipandishwa kutoka kwenye mashua, ikawashusha Kigoma salama.

Mwenye ushahidi wa bomu lililoizamisha Liemba na aulete tuuone.