Hina ya Uani: Tarehe ya Rangi Bagamoyo

Historia ya Bagamoyo imeandikwa kwa meno ya tembo. Misafara ilishuka kutoka Ujiji na Tabora, mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni mwaka 1868, Wajerumani wakaufanya mji huo makao yao makuu tangu 1888 hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Hayo yote yana majengo na vibao. Hina haina jengo. Ilikaa uani, mikononi mwa wanawake, na tarehe yake ni ya kuitafuta kwenye harusi na vichwani mwa wazee.

Mhina umeenea kutoka Afrika Kaskazini na Uarabuni hadi Bara Hindi, na Uarabuni na Bara Hindi ndiko yalikotoka majahazi ya kaskazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alieleza harusi na unyago wa mwambao katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Katika shughuli kama hizo ndimo ufundi wa hina ulimokua, bibi akimrithisha mjukuu.

Majani huchumwa yakiwa yamekomaa, yakaanikwa kivulini, maana jua kali hula rangi. Yakianza kuvunjika mkononi hutwangwa kwenye kinu, kisha unga huchujwa kwa kitambaa chepesi. Hapo mfanyaji wa haraka hujulikana: vijiti vikibaki hunasa kwenye nywele, na kuvitoa ni kazi ya mchana mzima. Unga hukorogwa kwa maji ya ndimu, wengine wakitia chai ya rangi iliyochemka sana, mpaka uwe mzito kama mtindi. Hufunikwa usiku kucha. Ndimu ina kazi yake: uchachu huifanya lawsoni, rangi iliyomo ndani ya jani, itoke polepole, na rangi hiyo hushikana na keratini, protini ya unywele. Bibi hahitaji jina hilo. Huangalia ukingo wa bakuli. Ukiona umejitokeza wekundu wa machungwa, hina iko tayari.

Kichwa hugawanywa mafungu, hupakwa kuanzia shinani, kisha hufungwa kwa saa tatu au nne. Kinaoshwa kwa maji matupu. Siku ya kwanza mvi hutoka na rangi ya machungwa inayowaka, na asiyezoea hushtuka; siku mbili baadaye hewa imeshaikoleza ikawa nyekundu iliyoiva. Ndiyo maana anayejua hupaka Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi. Mtoto mchanga haifai kupakwa kabisa. Pwani yetu ina watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto wa namna hiyo.

Wanaume nao wamo. Ndevu nyekundu za wazee msikitini zina asili yake: katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliletwa siku ya kutekwa Makka akiwa na mvi nyeupe pe, Mtume akaamuru zibadilishwe, na weusi uepukwe.

Weusi ndio uliokuja kuisumbua kazi hii. Piko inayouzwa madukani ni rangi ya kemikali, na mara nyingi ndani yake mna parafenilenidiamini. Inakolea kwa muda mfupi, ndiyo sifa yake yote. Sheria za Ulaya huiruhusu kwenye nywele isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kuikataza kwenye ngozi. Huku kwetu huchorwa mikononi mwa maharusi, na wapo wanaotoka malengelenge na makovu. Nina uchungu na hilo, kwa sababu jina la hina ndilo linalobeba lawama. Jani la mhina halitoi weusi. Anayeutaka kichwani bila piko hupaka hina kwanza, akaiosha, kisha juu yake akapaka unga wa majani ya mnili uliokorogwa muda huo huo kwa maji ya uvuguvugu.